Kabla Hujashangilia Wakili Kufutwa, Uliza Aliyeumia Ni Nani

Mnakumbuka Oktoba 2023? Mtandao mzima ulisimama juu ya jamaa mmoja aliyedaiwa kuwa wakili bandia. Stori iliyosambaa ilisema ameshinda kesi 26. Kama hiyo namba ilikuwa kweli ama ilikuwa chumvi ya mtandao, tuiache hapo. Kilichonivutia ni vile watu walifurahi. Utani ulijaa kila mahali, na sisi tulioacha chuo katikati ndio tulipiga makofi zaidi. Si tulisema digrii ni karatasi tu?

Chama cha Mawakili, LSK, kilikuwa na jibu fupi tu: huyu si wakili.

Hapo ndipo nataka tuingilie, kwa sababu watu wengi wanadhani uwakili ni digrii. Wengine wanadhani ni suti na Kizungu kirefu. Zote mbili hazitoshi. Uwakili ni jina lako kuwa kwenye orodha. Kuna Orodha ya Mawakili, na jina lako likiwa ndani, ukiwa na cheti chako cha mwaka huo, unaruhusiwa kusimama mbele ya jaji ukamsemea mtu mwingine. Jina likifutwa, hata uwe umesoma miaka ishirini, wewe ni mtu wa kawaida aliyevaa suti.

Na mahali popote palipo na orodha, kuna mtu ameshika kalamu. Leo tuongee historia ya hiyo kalamu: imefuta nani, imeacha nani, na aliyeumia alikuwa nani. Tulieni, kuna majina hapa mnayajua vizuri, lakini hii sehemu yao shule hazituambii.

KALAMU ILILETWA KWA SABABU GANI

Fikiria kile wakili hushika. Hushika pesa zako kabla wewe uzione. Hushika hati ya shamba la babu yako. Hushika siri zako, hata zile mama yako hajui. Na anaongea lugha ambayo wewe huielewi, kwenye jengo ambalo wewe unaogopa kuingia. Mtu wa namna hiyo akiamua kukula, atakula na kijiko.

Ndio maana kuna sheria za nidhamu. Hapa Kenya ziko kwenye Sheria ya Mawakili, Sura ya 16. Pesa za mteja zinafaa kukaa kwenye akaunti yake tofauti, zisichanganywe na pesa za wakili za kulipa kodi na mafuta ya gari. Ukikosewa, kuna Jopo la Nidhamu. Linakaliwa na mawakili waliochaguliwa na wenzao, watu wachache ambao si mawakili, na Mwanasheria Mkuu ama mtu anayemwakilisha. Likimpata wakili na makosa linaweza kumuonya, kumsimamisha kazi kwa muda, kumtoza faini ya hadi shilingi milioni 1, kumwamuru akulipe fidia ya hadi shilingi milioni 5, ama kufuta jina lake kabisa.

Sasa shika maneno haya, tutayarudia. Sheria yetu inasema utovu wa nidhamu ni pamoja na mwenendo wa aibu au usio wa heshima, ambao haulingani na hadhi ya wakili.

Aibu. Heshima. Hayo maneno ni mpira, yanavutika. Mwizi wa pesa za mjane ni aibu, hapo hakuna ubishi. Lakini je, wakili aliyefungwa kwa kupinga serikali? Huyo ni aibu kwa nani?

GANDHI: KIFUNGO KWANZA, KUFUTWA BAADAYE

Mohandas Gandhi alisomea uwakili London na akakubaliwa na chama cha Inner Temple mwaka wa 1891. Machi 1922 mahakama ya Waingereza kule Ahmedabad, India, ilimfunga miaka 6 kwa uchochezi, kwa sababu ya makala aliyoandika kuipinga serikali yao. Novemba mwaka huo huo, Inner Temple ikafuta jina lake.

Hakuna mteja aliyelalamika. Hakuna senti iliyopotea. Hakuna shamba lililouzwa mara mbili. Hoja ilikuwa rahisi: amepatikana na hatia, basi hafai kuwa mwenzetu.

Walimrudisha kwenye orodha mwaka wa 1988. Gandhi aliuawa 1948. Piga hesabu mwenyewe. Alirudishiwa kazi akiwa amekufa miaka 40.

MANDELA: KESI AMBAYO HATUFUNDISHWI

Tukisikia Mandela na mahakama, tunafikiria Rivonia na miaka 27. Lakini kabla ya hiyo kulikuwa na kesi ndogo, 1954, ya kumnyang'anya kazi.

Kwanza nirudi nyuma kidogo, kwa ajili ya wenzangu walioacha chuo. Mandela aliondoka chuo cha Fort Hare mwaka wa 1940 baada ya kukosana na wakubwa wa chuo kuhusu uchaguzi wa wanafunzi. Digrii ya sheria kule Wits ilimshinda, alianguka mitihani. Akapitia njia nyingine iliyoruhusiwa wakati huo: akafanya kazi chini ya mawakili, akafanya mtihani wa kuingia kazini, akapita. Hiyo digrii ya sheria aliipata 1989, kwa masomo ya mbali ya UNISA, akiwa bado mfungwa. Kwa hivyo ukitaka kutumia Mandela kusema shule si kitu, pole. Aliacha chuo, ndiyo, lakini orodha hakuiruka. Aliingia kwa mlango.

Agosti 1952 yeye na Oliver Tambo walifungua ofisi pale Chancellor House, Johannesburg, karibu kabisa na mahakama. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Na makosa yao yalikuwa gani? Kupita mlango wa wazungu. Kupanda basi la wazungu. Kupatikana bila kipande. Huyo ndiye mteja aliyekuwa anahudumiwa.

Mwaka huo huo kulikuwa na Kampeni ya Ukaidi. Watu walikuwa wanavunja sheria za ubaguzi makusudi, bila fujo, halafu wanakubali kushikwa. Zaidi ya watu 8,000 walikamatwa. Mandela ndiye alikuwa kiongozi wa wajitoleaji. Desemba 1952 jaji akampata na hatia, yeye na wenzake 19, chini ya sheria ya kuzuia ukomunisti. Walipewa kifungo cha miezi 9 ambacho hakingetumikiwa kama hawangerudia kosa kwa miaka 2. Jaji mwenyewe alikubali kwamba walikuwa wanawahimiza watu wao wasitumie fujo.

Chama cha Mawakili cha Transvaal kikaona nafasi. Kikaenda Mahakama Kuu na ombi: mfuteni huyu. Amevunja sheria kwa makusudi, amewafundisha wengine kuvunja, na wakili ni mtu aliyeapa kulinda sheria. Mwenendo wake hauna heshima.

Ukiwa mkweli, hiyo hoja ina uzito. Mtu anayelipwa kusimamia sheria anaambia maelfu waivunje. Hata hapa kwetu kuna watu wangeunga mkono.

Lakini kuna mzungu anaitwa Walter Pollak, wakili mkubwa ambaye aliheshimiwa sana Johannesburg. Alisimama kumtetea Mandela na hakuchukua malipo. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu ana haki ya kupigania imani yake ya kisiasa, na kwamba kuvunja sheria ya aina hiyo si sawa na kuwa mwongo ama mwizi.

Jaji Ramsbottom akakubali. Alisema Mandela alisukumwa na nia ya kuwatumikia watu wake, na kwamba hakuna chochote katika alichofanya kinachoonyesha ni mtu asiye mwaminifu, wa aibu, asiyefaa kuwa kwenye kazi ya heshima. Ombi likatupwa. Na juu yake, chama kikaamriwa kulipa gharama za kesi.

Soma hiyo tena polepole. Mwaka ni 1954, nchi ni Afrika Kusini, utawala ni wa ubaguzi, jaji ni mzungu. Na bado uamuzi ulitoka sawa. Si kwa sababu jaji alikuwa mwanaharakati. Ni kwa sababu aliuliza swali linalofaa. Hakuuliza kama serikali imekasirika. Aliuliza kama huyu mtu ni mwaminifu, kama unaweza kumwachia pesa zako na kesi yako. Jibu lilikuwa ndiyo.

FISCHER: WENZAKE NDIO WALIMFUTA

Sasa tuone upande wa pili, miaka 11 baadaye, mji ule ule.

Bram Fischer alikuwa Mburu wa familia kubwa. Babu yake alikuwa waziri mkuu wa koloni ya Orange River, baba yake jaji. Alisoma Oxford. Angetaka, angekuwa jaji mkuu ama hata waziri mkuu. Akachagua kuwa mkomunisti na kupigana na ubaguzi. Ndiye aliyeongoza mawakili wa utetezi kwenye kesi ya Rivonia. Juni 1964 watu walingoja Mandela na wenzake wahukumiwe kunyongwa, wakapewa kifungo cha maisha. Siku moja baadaye, mke wa Fischer alikufa kwenye ajali ya gari.

Septemba mwaka huo Fischer mwenyewe akashikwa kwa kuwa mwanachama wa chama kilichopigwa marufuku. Akaomba dhamana aende London kumalizia kesi ya mteja. Akapewa. Marafiki wakamwambia abaki huko, asirudi. Akarudi.

Lakini Januari 1965, kesi ikiendelea, akapotea. Akaacha barua isomwe mahakamani. Kwa kifupi alisema hatoroki kwa woga, ila hawezi tena kutumikia haki kwa njia aliyotumia kwa miaka 30, kwa sababu sheria zenyewe zimegeuka kuwa dhuluma.

Baraza la mawakili wa Johannesburg, wenzake aliokunywa nao chai miaka yote hiyo, likakimbilia mahakamani haraka kuomba afutwe. Serikali haikuhitaji kuwasukuma. Vijana wawili, Sydney Kentridge na Arthur Chaskalson, walimtetea akiwa bado mafichoni. Hawakushinda. Novemba 1965 jina lake likafutwa. Siku chache baadaye polisi wakamnasa. Mwaka wa 1966 akapewa kifungo cha maisha, na akafa Mei 1975 kwa saratani.

Hapa sitaki kuwadanganya ati kesi yake ni sawa kabisa na ya Mandela. Si sawa. Mandela hakuvunja ahadi yoyote kwa mahakama. Fischer alipewa dhamana, akaapa atakuwepo, akaondoka. Wakili akisema neno mbele ya jaji, hilo neno ndilo mtaji wake wote. Ukitaka kusema baraza lilikuwa na hoja, nitakusikiliza.

Lakini rudi kwa lile swali la 1954. Je, kuna mteja aliyeibiwa? Hakuna. Huyu ni mtu aliyerudi kutoka London akijua jela inamngoja. Kuna mteja hata mmoja angeogopa kumwachia pesa zake? Kile kilichouma wenzake zaidi, naona mimi, ni haraka yao kuonyesha kwamba wao si kama yeye. Walikuwa wanajisafisha.

Oktoba 2003 mahakama ilimrudisha Fischer kwenye orodha, baada ya Bunge kupitisha sheria ya kurudisha mawakili marehemu waliofutwa kwa sababu ya kupinga ubaguzi. Alikuwa amekufa miaka 28. Naye Chaskalson, yule kijana aliyemtetea akashindwa, wakati huo alikuwa ndiye Jaji Mkuu wa nchi.

NA SISI HAPA?

Utasema hayo ni ya Afrika Kusini na India. Kenya ilikuwa na njia yake ya mkato. Serikali ya Moi haikujisumbua na orodha. John Khaminwa aliwekwa kizuizini 1982 akiwa anamtetea mtu aliyekuwa kizuizini. Gibson Kamau Kuria aliwekwa 1987 alipotaka kuishtaki serikali kwa niaba ya watu waliosema wameteswa. Mfumo ni ule ule: wakili anayesumbua wakubwa anaondolewa kazini kwa kasi.

Sasa linganisha na wakili anayesumbua wadogo.

Shangazi yangu alipoteza mume kwenye ajali ya barabarani. Kesi ilifunguliwa, bima ikalipa. Najua ililipa kwa sababu tulienda hadi huko kuuliza, tukaonyeshwa. Pesa ziliingia kwa wakili. Kutoka hapo ni miaka minne ya "file iko kwa meza ya mkubwa" na "mama, piga simu wiki ijayo". Wiki ijayo haijawahi kufika. Sitataja jina hapa, na msiniulize kwenye komenti. Kitu kiliniuma zaidi si hata pesa. Ni vile shangazi bado anamuita "wakili wangu", kwa heshima, akishika simu kwa mikono miwili.

Huyo ndiye kalamu ilitengenezewa. Mjane, pesa, miaka minne. Hakuna ubishi wa siasa hapo. Hakuna mpira wa kuvuta. Na hapo ndipo mambo huenda polepole kabisa: barua, majibu ya barua, tarehe, tarehe nyingine.

Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili iliundwa 1989. Jopo la Nidhamu liko. Sheria inasema mtu yeyote anaweza kupeleka malalamishi, hulazimiki kuajiri wakili mwingine ili umshtaki wakili. Lakini ni vijana wangapi mtaani wanajua hivyo? Tunajua kesi 26 za mtandaoni, hatujui mlango wa kupeleka barua ya shangazi.

MSIMAMO WANGU

Mimi siamini watu wanaosema nidhamu ya mawakili ifutwe ati kwa sababu imewahi kutumiwa vibaya. Bila hiyo kalamu, watu kama shangazi wangebaki na maombi tu. Wala siamini wanaosema kila wakili anayefutwa amestahili. Historia inakataa. Gandhi na Fischer walirudishwa wakiwa kaburini, na kurudishwa huko hakuwasaidii kitu. Ni sisi tuliobaki tunaosafishwa roho.

Kwa hivyo mimi nimebaki na maswali matatu, na nataka uyabebe.

La kwanza: nani aliumia? Kama kuna mtu aliyepoteza pesa, shamba, kesi ama siri, hiyo ni nidhamu. Kama aliyeumia ni serikali peke yake, ama chama kimeona aibu, simama kwanza.

La pili: amefanya nini na uaminifu aliopewa? Kuvunja sheria ya kipande mbele ya polisi, mchana, ukingoja kushikwa, si sawa na kuhamisha pesa usiku kwenda akaunti yako.

La tatu: kasi iko upande gani? Kama chama kinachukua wiki chache kumshughulikia wakili anayepigia kelele wakubwa, na miaka kumshughulikia anayekula wajane, hiyo kalamu imebadilisha mwenyewe.

Na kabla hujampa mtu hati ya shamba ama kesi ya ajali, ingia kwenye tovuti ya LSK utafute jina lake. Ni bure, inachukua dakika moja. Angalia kama yuko kwenye orodha na kama cheti chake ni cha mwaka huu. Kila pesa unayompa, dai risiti. Kila ahadi, dai kwa maandishi. Akikukwepa, andika barua kwa Tume, weka nakala za kila kitu, na usingoje miaka minne.

Wakili mwingine atafutwa mwaka huu, na mwingine mwaka ujao. Picha yake itazunguka na tutaanza kucheka kama kawaida. Wewe kabla ucheke, weka lile swali kwenye komenti: aliyeumia ni nani? Nitakuwa hapo nasoma majibu.